Baa ya mtaani na mapatroni wake: historia ya Likasi inatufundisha nini juu ya amani?



Katika kazi yetu ya upatanishi hapa Likasi, kesi nyingi zinazotufikia ni za nyumba na parsele. Mtu alikimbia, jirani akabaki na ufunguo, miaka ikapita, nyumba ikauzwa. Siku moja mtoto wa yule aliyekimbia anarudi na kupiga hodi. Zaidi ya mara moja nyumba yenyewe ilikuwa ni baa. Wengine wametuuliza, hasa ndugu zetu wa makanisani: watu wa amani wana kazi gani na pombe?

Swali hilo ni la haki, na tunajua vizuri ubaya wa ulevi katika familia. Lakini baa ya mtaani ni mahali ambapo watu wa makabila yote walikaa benchi moja kwa miaka mingi. Ni mahali pia ambapo fujo ilipangwa. Tena ukiuliza nani alikuwa patroni wa baa fulani mwaka huu na nani mwaka ule, unapata historia ya mji mzima: nani alikuja, nani alipata, nani alifukuzwa, na nani alinunua kwa bei ya chini kitu cha mwenzake. Ndiyo sababu tunataka kuieleza historia hiyo hapa, hatua kwa hatua.

Tunapotoa mfano wa baa moja hatutaji jina lake wala barabara yake. Tumeunganisha habari za familia mbalimbali za Kikula na Panda, ili nyumba ya mtu isitambulike na ugomvi usiwashwe upya.

Mwanzo: chungu cha mama chini ya mwembe

Likasi ni mtoto wa shaba. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mji ulikua kando ya machimbo na viwanda vyake. Kuanzia mwaka 1931 mkoloni aliuita Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mkubwa wa kampuni. Jina la Likasi lilirudi rasmi mwaka 1966.

Watu wa kufanya kazi walitafutwa mbali. Walitoka vijiji vya Katanga yenyewe, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, Ruanda-Urundi, na kwa wingi Kasai. Mwaka 1928 reli ya BCK ilifika hadi Ilebo, ambayo wakati ule iliitwa Port-Francqui, na hivyo Katanga na Kasai ziliunganishwa kwa treni. Katika miaka hiyo hiyo kampuni ilibadilisha siasa yake: badala ya kuleta vijana peke yao kwa miezi michache, ilianza kuwapa mikataba mirefu na kuwaruhusu waje na wake zao. Hapo ndipo familia zilipoota mizizi. Basi msomaji akisikia mtu anasema "hawa ni wageni", akumbuke kwamba familia nyingine zimezaliana hapa tangu nyakati za babu wa babu.

Baa ya kwanza haikuwa na meza wala friji. Ilikuwa ni mama na chungu chake. Wamama walichemsha uji wa mahindi, wakautia mizizi ya munkoyo, wakauacha. Munkoyo wa siku ya kwanza hata mtoto anakunywa. Ukikaa siku kadhaa unachacha na kuwa na nguvu kidogo. Wengine walitengeneza kibuku. Wengine, kwa kificho, walipika lutuku, ile pombe kali ya mahindi na muhogo ambayo hadi leo inaharibu macho na maini ya watu wetu. Katika kambi za kampuni walinzi walipita kukagua, na mama aliyekamatwa na pombe ya kificho alijuta. Hata hivyo faida ya chungu ilisaidia kulipa nguo na karatasi za shule.

Tunaomba viongozi wasisahau jambo hili: mapatroni wa kwanza wa Likasi walikuwa wamama. Hawakuandikwa popote. Tutaona mbele jinsi kutoandikwa kulivyowaumiza baadaye watoto wao.

Chupa, kibali na ubaguzi

Bia ya chupa ilianza kutengenezwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, katika miaka ya 1920. Bia ya Simba ikawa ndiyo bia ya Katanga, na mpaka leo mzee wa hapa akisema "nipe moja" hana haja ya kutaja jina. Lakini wakati wa ukoloni watu hawakunywa pamoja. Mzungu alikuwa na baa yake mjini. Mwafrika alikuwa na yake upande wa cité, na usiku hakuruhusiwa kutembea katika mji wa Wazungu. Kwa miaka mingi sheria ilimkataza pia mvinyo na pombe kali. Bia peke yake ndiyo aliyoachiwa.

Ili kufungua baa halali ilibidi kupata kibali, na kibali kilipewa mtu mwenye kazi, anayejua kusoma, aliyesifiwa na wakubwa. Wengi wa watu hao walikuwa makarani, mafundi na wafanyakazi wa reli. Kwa sababu shule za misheni zilianza mapema katika sehemu fulani za Kasai, na kwa sababu kampuni na reli zilipenda kuchukua makarani huko, wenyeji waliona kwamba kazi nzuri na vibali vimekwenda kwa watu wa kabila moja. Hatusemi waliwaza sawa, wala hatusemi walikuwa wanaota. Tunasema tu kwamba hapo ndipo kijiti cha kwanza cha moto kilipowekwa, na aliyekiweka alikuwa mkoloni aliyegawa nafasi kwa kupima makabila. Karani wa Kasai hakujipa kazi mwenyewe.

Pamoja na hayo, ndani ya baa watu walikaa pamoja. Lugha ilikuwa Kiswahili, kwa sababu hakikuwa lugha ya kabila la mtu yeyote pale mezani. Gitaa lilipigwa. Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya, alikuwa akiishi Jadotville wakati Hugh Tracey alipomrekodi mwaka 1952, na kutoka hapa sifa yake ilifika hadi Nairobi. Wazee wanatuambia kwamba utani ulikuwa ndio chumvi ya benchi: huyu anamcheka mwenzake kwa chakula cha kwao, na yule anamjibu kwa mahari ya kwao, halafu wanagawana chupa. Utani una kanuni yake: anayetaniwa ana haki ya kujibu. Kanuni hiyo ikivunjika, utani unageuka kuwa tusi.

Uhuru, secession na patroni wa pili

Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilitangaza kujitenga na Kongo. Likasi iliona vita kwa macho yake. Mwezi wa Septemba 1961 askari wa Ireland waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa walizingirwa hapa Jadotville kwa siku kadhaa mpaka wakaishiwa na risasi na maji. Jeshi la Umoja wa Mataifa liliingia mjini mwanzoni mwa Januari 1963, na secession ikaisha mwezi huo huo.

Katika miaka hiyo maelfu ya Waluba, wa Kasai na wa kaskazini ya Katanga, walikimbia nyumba zao. Wengi walijaa katika kambi kubwa Elisabethville, na mwaka 1962 wengi walipelekwa Kasai na kaskazini. Nyumba zilibaki, na baa zilibaki. Huo ulikuwa mkono wa kwanza wa kubadilishana mapatroni kwa nguvu ya hofu. Watu waliporudi baada ya secession, wengine walipata mali yao kwa sababu jirani aliichunga. Wengine walikuta mtu mwingine amesimama nyuma ya kaunta. Viongozi wa wakati ule hawakukaa chini na watu kuulizana nani alipoteza nini. Wazee wanasema: kidonda kilifunikwa bila kuoshwa.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza zairianisation. Maduka, mashamba na biashara za wageni wengi, wakiwemo Wagiriki, Wareno na wengine, zilipewa raia wa Zaire. Baa na hoteli nazo zilikuwamo. Waliopewa walikuwa hasa watu wa chama na marafiki wa wakubwa. Wengi wao waliuza bidhaa zilizokuwamo, wakala fedha, na biashara ikafa. Miaka michache baadaye serikali ilijaribu kurudisha sehemu ya mali hiyo kwa wenyewe. Funzo lililobaki vichwani mwa watu lilikuwa baya: kwamba mali ya mwingine inaweza kuwa yako kwa siku moja, wakubwa wakisema neno.

Baa tunayoitolea mfano

Sasa tuingie katika baa yetu. Baba wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa reli, mzaliwa wa Likasi, na wazazi wake walitoka Kasai. Mama yake ndiye aliyekuwa na chungu cha munkoyo katika parsele hiyo hiyo. Katika miaka ya 1970 yeye mwenyewe alijenga chumba cha matofali mbele ya nyumba, akanunua friji ya mkono wa pili, akaandika jina ukutani. Fundi wa picha alimchorea mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki ambaye wakati ule alichorwa katika nyumba nyingi za Katanga. Watu wa Gécamines walikunywa kwa deni mpaka siku ya mshahara. Patroni aliandika madeni katika daftari. Jirani yake, fundi wa kiwanda cha Shituru, mtu wa Katanga, alikuwa mwenzake wa dama. Walicheza kwa vifuniko vya chupa karibu kila jioni.

Halafu kampuni ilianza kuanguka. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Mwaka 1994 shaba yote ya kampuni ilikuwa karibu tani 30,000. Mishahara ilichelewa, kisha ikakatika. Njaa iliingia katika nyumba ambazo hazikuwahi kuijua. Mtu mwenye njaa anatafuta wa kulaumu, na wanasiasa walimwonyesha wa kulaumu.

Mwaka 1992: utani ulipokufa

Mwezi wa Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Mkoa wetu, ulioitwa Shaba wakati ule, ulikuwa chini ya gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza wa chama cha UFERI. Katika mikutano ya hadhara watu wa Kasai waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Vijana wa chama, JUFERI, walipita nyumba kwa nyumba. Likasi ilishika moto katika miezi ya mwisho ya mwaka huo. Mwezi wa Machi 1993 ilikuwa zamu ya Kolwezi.

Makumi ya maelfu ya watu walifukuzwa makwao. Walilala katika shule na katika kituo cha reli hapa Likasi, wiki na miezi, wakisubiri treni ya kwenda Kasai. Wengi walikuwa hawajawahi kuiona Kasai kwa macho. Watoto na wazee walikufa pale kituoni kwa magonjwa na njaa, na wengine walikufa njiani ndani ya mabehewa. Tunaandika hayo bila kuyapunguza, kwa sababu baadhi yenu mnaosoma mlikuwa pale, na mnastahili yaandikwe.

Katika baa yetu neno "bilulu" lilianza kama mzaha. Mteja mmoja alilisema akicheka. Patroni hakujibu, na benchi likanyamaza. Mtoto wake wa kike, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, anakumbuka kwamba siku ile baba alifunga mapema. Jambo la pili anakumbuka hivi: jioni moja walikuja vijana wasiojulikana mtaani, na bia za wote zililipwa na mtu asiyekunywa. Siku ya pili nyumba tatu za barabara ile zilivunjwa.

Baba alimpa jirani ufunguo na daftari la madeni. "Ndugu yangu, chunga nyumba. Tukifika tutakuandikia." Jirani aliwasindikiza usiku hadi kituoni, akibeba mtoto mdogo mgongoni, na kwa kufanya hivyo alijitia hatarini mwenyewe. Baba alifariki Mwene-Ditu kabla ya mwaka kwisha. Barua haikuandikwa.

Mapatroni watatu waliofuata

Jirani aliichunga baa kwa zaidi ya miaka mitatu. Aliuza bia mpaka friji ilipoharibika. Mshahara wake wa Gécamines haukuja. Mwaka 1996 mke wake aliugua, akauza baa kwa mfanyabiashara ili alipe hospitali. Mfanyabiashara hakuuliza historia.

Kuanzia mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini katika mpango ulioitwa "départ volontaire". Kila mmoja alipewa fedha za mara moja, na wengi hawakuridhika na hesabu. Wako walionunua gari la biashara, wako waliofungua duka, na wako walionunua baa. Patroni wa sasa wa baa yetu ni mmoja wao. Alitoa karibu fedha zake zote kwa yule mfanyabiashara. Alibadilisha bati, akavuta umeme upya, akapaka rangi juu ya mamba muntu. Wachimbaji wadogo wa madini walipoongezeka mjini, wateja wakarudi. Amelea watoto sita kwa baa ile.

Ndipo mtoto wa kike wa patroni wa kwanza aliporudi, sasa mama wa familia, na fiche ya zamani ya parsele yenye jina la baba yake. Alikuta wageni wamekaa palipokuwa na kitanda cha mama yake. Patroni naye alimwona mgeni aliyekuja kumnyang'anya uzee wake.

Nani mwenye haki? Tuliwauliza watu wengi mtaani, na kila mmoja alijibu haraka kulingana na kabila lake. Lakini tukiwaeleza hadithi yote, kuanzia chungu hadi bati, wengi walikaa kimya kwanza. Kimya hicho ndicho mwanzo wa upatanishi.

Sheria inasema nini?

Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya nchi yetu ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuitumia, na uthibitisho wa haki hiyo ni cheti cha kuandikishwa, kinachotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Fiche ya parsele, karatasi ya mauzo iliyosainiwa na mkuu wa mtaa na ushahidi wa majirani vinasaidia, lakini havina nguvu ya cheti hicho.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: kwa kawaida, cheti kikishatimiza miaka miwili hakiwezi tena kushambuliwa mahakamani. Aliyepoteza anaweza tu kudai fidia kwa yule aliyemdhulumu. Kwa hiyo anayengoja bila kusema kitu anaweza kupoteza njia ya kurudishiwa parsele yenyewe. Kabla ya hatua yoyote, mwone avoka au shirika linalotoa msaada wa sheria.

Katika kesi ya baa yetu hakuna aliyekuwa na cheti. Patroni wa kwanza alikuwa na fiche, wengine walikuwa na karatasi za mauzo tu. Kila upande ulitishia kwenda mbele ya hakimu, na kila upande uliogopa kushindwa. Hofu hiyo ya pande zote mbili ilitupa nafasi ya kuzungumza.

Mazungumzo yalikwendaje?

Yalichukua miezi minane. Mkutano wa kwanza ulivunjika kwa sababu kaka wa yule mama alikuja na vijana sita. Tulikosa sisi wenyewe kutokubaliana mapema nani aje. Mkutano wa pili tuliufanya katika baraza la mzee wa mtaa, watu watatu kila upande, bila pombe na bila simu.

Aliyefungua mlango alikuwa yule jirani, mzee sasa, mjane. Alisema mbele ya wote: "Mimi ndiye niliyeuza. Sikuwa na haki ya kuuza, na sikuwa na njia nyingine." Kisha akatoa daftari la madeni. Alikuwa amelichunga miaka yote. Ndani yake kulikuwa na majina ya baba za watu waliokaa pale, Wakasai na Wakatanga, kila mmoja na chupa zake. Patroni wa sasa alikuta jina la baba yake mwenyewe katika ukurasa mmoja, na deni halijalipwa.

Makubaliano yaliandikwa. Patroni anabaki na baa. Analipa familia ya kwanza kiasi walichopatana, kwa awamu, mbele ya mashahidi. Kipande cha parsele upande wa nyuma, ambako chungu cha bibi kilikuwa, kinarudi kwa yule mama ili ajenge. Wote wawili wanaenda pamoja kuomba karatasi zao, ili kesho watoto wasianze upya. Kaka hakusaini. Mpaka leo anasema dada yake ameuza damu ya baba. Hatuwezi kumwambia kwamba amekosa. Tunamwachia mlango wazi.

Mambo tunayowaomba

Kwa familia zilizohama: tafuteni na mchunge kila karatasi, hata iliyochakaa. Andikeni majina ya majirani walioona. Msirudi na kundi la vijana. Rudini na mzee anayeheshimiwa na pande zote. Na mkiacha ufunguo kwa jirani, andikeni karatasi mbili mbele ya mashahidi, moja yake na moja yenu, zinazosema anachunga au ananunua.

Kwa wenye baa: nyinyi ni wachungaji wa benchi. Neno la kumfananisha mtu na mdudu au mnyama likisemwa kwenu, msicheke, simamisheni. Siku chupa zinapokuwa za bure kwa wote, ulizeni nani analipa na anataka nini. Wakati wa uchaguzi, fungeni mapema ikibidi. Hasara ya usiku mmoja ni ndogo kuliko kuvunjwa.

Kwa viongozi wa mitaa na wa komini: msitie saini mauzo ya nyumba ya mtu aliyekimbia bila kuuliza aliko. Saini moja ya haraka inaweza kuzaa ugomvi wa miaka thelathini. Kumbukeni pia kwamba watu wanaendelea kuhama. Baada ya vita vya Kamuina Nsapu vya 2016 na 2017 huko Kasai, familia nyingine zilikuja tena Katanga kutafuta maisha, na maneno ya zamani yalianza kusikika tena vituoni na sokoni. Mwaka 2016 vyama vya watu waliokuwa maadui katika 1992, cha Tshisekedi na cha Kyungu, vilikaa pamoja katika muungano mmoja wa siasa. Ikiwa wakubwa waliweza kukaa meza moja, majirani hawana sababu ya kuendelea kuwa maadui kwa niaba yao.

Kwa kumaliza

Tulipopita pale mara ya mwisho, ukuta wa baa ulikuwa bado una rangi ya patroni wa sasa. Lakini karibu na mlango alikuwa ameagiza liandikwe jina la kwanza la baa, kwa herufi ndogo, chini ya jina jipya. Upande wa nyuma matofali yalikuwa yamepangwa, tayari kwa msingi. Yule mama alikuwa akiuza munkoyo kivulini, wa siku ya kwanza, kwa watoto wanaotoka shule. Wateja wa baa nao wanapita kwake kabla ya kuingia.

Msomaji, mtaani kwako kuna baa gani? Nani aliianzisha? Kabla hujamwita mwenye baa mwizi au mgeni, waulize wazee habari za mapatroni wake wote, wa kwanza hadi wa sasa. Ukishawajua wote, njoo tukae tuzungumze.